Herriman: Mchoraji wa Katuni Aliyevuka Mstari wa Rangi



Katuni ni sehemu ya gazeti inayosomwa kwanza na kutajwa mwisho. Mkuu wa idara atasema kwamba amenunua gazeti kwa ajili ya tahariri na habari za dunia, na pengine ni kweli. Lakini jicho lake limekwisha kufika kwenye katuni kabla kidole hakijafika kwenye tahariri. Ndiyo maana wachoraji wa katuni hujulikana kwa kazi zao wala hawajulikani kwa maisha yao. Jina limo pembeni mwa picha, kwa herufi ndogo, na basi.

Mmoja wao ni George Herriman wa Marekani. Mtu huyu alichora katuni moja ya paka na panya kwa zaidi ya miaka 30 katika magazeti makubwa ya nchi ile. Washairi walimsifu, mtunzi wa muziki akaitungia katuni yake ngoma ya jukwaani, na wachoraji wenzake walimwona kuwa mwalimu wao. Akafa mwaka 1944. Mwaka 1971, yaani miaka 27 baada ya kufa kwake, mwandishi mmoja aliyekuwa akitayarisha maelezo mafupi ya maisha yake kwa ajili ya kamusi ya wasifu aliomba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Hati ilipokuja ilikuwa na neno moja ambalo halikutazamiwa na yeyote. Mahali pa kuandika rangi ya mtoto, karani wa mji wa New Orleans alikuwa ameandika kwamba ni mtu wa rangi.

Watumishi wa serikali wanajua uzito wa neno moja katika fomu. Neno lile, kama lingejulikana wakati wa uhai wake, lingeivunja ndoa yake, lingemtoa katika chumba cha habari alimokuwa akifanya kazi, na lingewafungia binti zake milango ya shule walizosoma.

Herriman alizaliwa tarehe 22 Agosti 1880 katika mtaa wa Tremé, New Orleans, katika jimbo la Louisiana. Jamii aliyozaliwa ndani yake ilikuwa na historia ya pekee. Hao walikuwa machotara wa damu ya Kiafrika na ya Kifaransa, Wakatoliki wa dini na wasemaji wa Kifaransa, ambao wengi wao walikuwa watu huru hata kabla ya vita vilivyokomesha utumwa. Walikuwa mafundi: washonaji, waashi, washona viatu, wasokota sigara. Baba yake Herriman alikuwa fundi cherehani. Baada ya vita watu wa jamii hii waliingia katika siasa, wakapiga kura, wakaanzisha magazeti, wakadhani kwamba mlango uliofunguliwa hautafungwa tena.

Ulifungwa. Mwaka 1890 bunge la Louisiana lilipitisha sheria ya kuwatenga weupe na weusi katika mabehewa ya treni. Mwaka 1892 mshona viatu wa mtaa uo huo wa Tremé, Homer Plessy, ambaye kwa kumtazama usingemjua kuwa ana damu ya Kiafrika, alikaa kwa makusudi katika behewa la weupe ili akamatwe na sheria ipelekwe mahakamani. Kesi ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1896 majaji waliamua kwamba kuwatenga watu si kosa, mradi waliotengwa wapewe vitu vilivyo sawa. Vilivyo sawa havikuja, lakini utengano ulidumu zaidi ya nusu karne.

Plessy alichagua mahakama. Herriman mzee alichagua njia nyingine. Karibu na mwaka ule wa 1890, George alipokuwa na umri wa miaka kama 10, baba aliichukua familia yake akahamia Los Angeles, mwisho wa reli, huko California, mahali ambapo hakuna aliyewajua. Huko hawakuandikwa tena kuwa machotara. Walikuwa familia ya weupe yenye jina la ajabu kidogo na ngozi iliyoiva jua, na majirani wakaendelea na mambo yao.

Wamarekani huliita jambo hili kuvuka. Walikuwapo maelfu waliovuka, na kila mmoja alilipa ushuru wake. Aliyevuka hakuweza kumwalika shangazi yake harusini. Hakuweza kuonyesha picha ya babu yake. Akiulizwa kwao ni wapi, ilimpasa awe na jibu, na jibu la leo lilingane na la mwaka jana. Mtu aliyeishi hivyo alikuwa kama karani anayetunza vitabu viwili vya hesabu, akikesha asije akampa mkaguzi kile kisichomhusu.

Kijana George alisoma katika shule ya Wakatoliki, na mwaka 1897, akiwa na miaka 17, akaingia kazini katika gazeti la Los Angeles Herald. Hakuingia kama mchoraji. Alipelekwa katika karakana ya kuchonga vibao vya chapa, mahali pa tindikali na zinki, kwa maana wakati ule picha ya gazetini ilichorwa kwa wino, ikahamishiwa kwenye bamba la madini, na sehemu zisizotakiwa zikaliwa na tindikali. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo wachoraji wengi hawakulijua: mstari gani utaishi katika mashine na mstari gani utakufa. Mistari ya Herriman inakwaruza na kutetemeka kama ya mtu anayeandika garini, lakini haikupotea katika uchapaji.

Mwaka 1900 akaenda New York kutafuta riziki kubwa zaidi. Mwaka 1902, katika gazeti la New York World, alichora katuni kuhusu mwanamuziki mweusi aliyeitwa Musical Mose. Mose anataka kazi, naye anajua kwamba mweusi hapati. Kwa hiyo anajifanya Mscoti, anavaa mavazi ya Kiscoti, anapiga filimbi ya mifuko. Wenyewe wanapomgundua wanampiga vibaya. Mwishoni anatamani rangi yake ingefifia. Katuni ile ilichorwa kwa namna ya kudhihaki iliyokuwa desturi ya magazeti ya siku zile, midomo minene na macho yaliyotoka, na haipendezi kuitazama. Herriman alichora nyingine za namna hiyo. Hilo lisipitwe haraka kwa sababu tu anayezungumzwa ni msanii mkubwa: aliyevuka alikuwa akiuza dhihaka juu ya wale aliowaacha upande wa pili, naye alilipwa kwa kazi hiyo. Lakini ni mchoraji gani mwingine katika gazeti lile aliyeweza kujua Mose aliogopa nini?

Mwaka uo huo wa 1902 Herriman alimwoa Mabel Bridge, mwanamke mweupe wa Los Angeles. Sheria ya California ilikataza ndoa kati ya mweupe na mweusi au chotara, na iliendelea kukataza hadi Mahakama Kuu ya jimbo ilipoifuta mwaka 1948. Basi ndoa ile, iliyozaa mabinti wawili na kudumu hadi Mabel alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1931, ilisimama juu ya karatasi moja iliyofungiwa katika kabati la mji wa mbali.

Kazini wenzake walimpenda. Alikuwa mpole na mwenye haya, mcheshi wa sauti ya chini. Walimwita Mgiriki, kwa sababu hawakujua wamwite nini. Wengine walisema ni Mfaransa. Alizoea kuvaa kofia hata ndani ya nyumba na hata anapopigwa picha, na ipo simulizi ya mwenzake mmoja kwamba Herriman alimnong'oneza kuwa yeye ni mtu wa Louisiana, na kwamba nywele zake zinamfanya ashuku kuwa ana damu ya Kiafrika. Kushuku, asema. Mtu aliyeondoka Tremé na miaka 10 hakuwa na haja ya kushuku.

Mwaka 1910 ndio wa kukumbukwa. Bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu alikuwa Jack Johnson, mtu mweusi, na weupe wa Marekani walikuwa hawajapata usingizi tangu alipolitwaa taji mwaka 1908. Wakamtoa bingwa wao wa zamani, Jim Jeffries, katika mapumziko yake, aje airudishe heshima ya weupe. Mchoraji maarufu wa michezo wa New York, Tad Dorgan, akapelekwa Reno, Nevada, kulitazama pambano hilo, na Herriman, aliyekuwa amerudi Los Angeles, akaitwa New York kuishika nafasi ya Dorgan. Tarehe 4 Julai Johnson akampiga Jeffries pigo la kukumbukwa. Usiku ule makundi ya weupe yalivamia weusi katika miji mingi ya Marekani, na watu wakauawa.

Mwezi wa Juni Herriman alikuwa ameanza katuni kuhusu familia moja, akina Dingbat, wanaosumbuliwa na wapangaji wa ghorofa ya juu. Chini ya picha hizo, pasipo maana yoyote, alichora paka mweusi wa familia. Tarehe 26 Julai, siku 22 baada ya pambano la Reno, panya mmoja mdogo alitokea akampiga yule paka kichwani. Wenzake walicheka wakamwambia aendelee. Wale wawili chini ya sakafu wakawa wanapendwa kuliko familia iliyokaa juu yake, na tarehe 28 Oktoba 1913 wakapewa katuni yao wenyewe: Krazy Kat.

Kisa chake kinaweza kusimuliwa kwa pumzi moja, na Herriman alikisimulia kwa miaka zaidi ya 30. Paka Krazy anampenda panya Ignatz. Ignatz anamchukia Krazy, naye kila siku hutafuta tofali amtupie kichwani. Krazy huchukua kila tofali kuwa salamu ya mapenzi. Siku lisipokuja huhuzunika. Mbwa Offissa Pupp, ambaye msomaji wa Kiswahili angemwita Afande bila kufikiri, anampenda Krazy kwa siri, naye humfunga Ignatz katika jela iliyojengwa kwa matofali. Kesho yake panya yuko nje tena. Waswahili husema paka akiondoka panya hutawala. Katika nchi ya Herriman paka hakuondoka popote, na panya ametawala vile vile.

Jambo moja liliwasumbua wasomaji wa Kiingereza kuliko tofali. Krazy ni dume au jike? Siku moja mchoraji aliandika neno la kiume, siku nyingine la kike. Alipoulizwa alieleza kwamba Krazy ni mfano wa kijini, naye kijini hana ume wala uke. Wasomi wa Kimarekani wameandika kurasa nyingi juu ya fumbo hili. Katika Kiswahili fumbo lenyewe lisingekuwapo: Krazy ni yeye, Ignatz ni yeye, na Afande ni yeye, na hakuna mhariri ambaye angeleta barua ya malalamiko.

Lugha ya Krazy, kwa upande mwingine, ingempa mfasiri homa. Ni Kiingereza kilichochanganywa na Kifaransa cha New Orleans, na Kihispania cha California, na maneno ya Wayahudi wa New York, na usemi wa weusi wa kusini, yote yakaandikwa kama yanavyosikika. Walimu wangempa Krazy sifuri katika imla. Hata hivyo ukisoma kwa sauti utagundua kwamba hakuna neno lililotupwa ovyo. Ni lahaja ya mtu aliyepita miji mingi na kuchukua kitu kila mahali, isipokuwa kibali cha kusema ametoka wapi.

Nchi yao iliitwa Coconino, jina la wilaya ya kweli huko Arizona. Herriman aliipenda jangwa ile, akaenda mara kwa mara hadi Kayenta na bonde lenye miamba mirefu linaloitwa Monument Valley, katika nchi ya Wanavajo. Katika katuni zake mwamba unaweza kuwa mti katika picha inayofuata, mchana ukawa usiku bila jua kutua, na mwezi ukaning'inia kama ganda la tikiti. Krazy na Ignatz huendelea kuzungumza kana kwamba hapana kilichobadilika. Kuanzia tarehe 23 Aprili 1916 alipewa ukurasa mzima wa gazeti la mwisho wa juma, na mwaka 1935 ukurasa huo ukatiwa rangi.

Wengi hawakuipenda. Katuni nyingine za wakati ule zilitoka katika mamia ya magazeti; Krazy Kat katika miaka yake ya mwisho ilichapwa katika magazeti kama 35 tu. Wahariri waliiona ni upuuzi wakataka kuitoa, na wengine waliitoa. Aliyeiokoa ni tajiri mwenye magazeti, William Randolph Hearst, bepari aliyeuza chuki na vita kama wengine wanavyouza sabuni. Alipogundua kwamba Krazy ameondolewa, aliamuru arudishwe, akampa Herriman mkataba wa kudumu. Mnyonge alikingwa na mtu ambaye hakuwakinga wanyonge, na historia ya magazeti imejaa mambo ya namna hiyo. Mwaka 1922 John Alden Carpenter aliitungia katuni ile ngoma ya jukwaani mjini New York; mwaka 1924 mhakiki Gilbert Seldes alitoa kitabu ambamo aliiweka miongoni mwa kazi bora kabisa za sanaa ya Marekani. Mchoraji mwenyewe alionekana kuona haya.

Sasa, baada ya cheti kile kupatikana, msomaji huzirudia katuni kwa macho mengine. Ipo moja ambamo Ignatz analalamika kwamba ameagiza kahawa nyeusi na aliyoletewa si nyeusi. Krazy anamwambia atazame chini ya maziwa, ataiona ni nyeusi. Ipo nyingine ambamo Krazy anakwenda kwa msusi, anapakwa dawa, anatoka mweupe pe. Ignatz akimwona anaingiwa na mapenzi pale pale. Akitambua kwamba yule mrembo ni Krazy, anatafuta tofali. Panya na paka hawakubadilika tabia. Ni rangi tu.

Wako waliochukua ufunguo huu wakataka kufungua kila ukurasa nao, wakasema tofali ni ubaguzi, jela ni sheria, na kadhalika hadi mwisho. Hilo ni kosa. Kurasa nyingi za Krazy Kat zinahusu upepo, mwezi, viazi, na jinsi paka anavyoweza kusikia maneno vibaya. Mtu haishi kila saa ya maisha yake ndani ya siri yake, hata iwe kubwa namna gani. Lakini waliozisoma kabla ya 1971 bila kuona lolote nao hawakuwa wakitazama chini ya maziwa.

Kuna swali ambalo wasikilizaji bila shaka wamekwisha kuliuliza kimoyomoyo, kwa maana lugha yetu inalo jibu tayari: mwacha asili ni mtumwa. Je, Herriman si ndiye? Jamii yake ilibaki New Orleans ikipigana na kushindwa. Plessy alikaa katika behewa na kukamatwa. Yeye aliketi mezani Hollywood akichora paka. Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu anayeidharau asili yake kwa kuvutwa na makuu ya watu wengine. Herriman aliondolewa kwao akiwa mtoto, na alipokuwa mtu mzima kusema kweli kulimaanisha kumfanya mkewe mhalifu na wanawe watu wasio na ndoa ya wazazi. Katika mitaa mingi ya Los Angeles hata hati ya kiwanja iliandikwa kwamba nyumba haitakaliwa na asiye mweupe. Wa kuulizwa kwanza ni yule aliyeandika hati. Hata baada ya kusema hivyo, dhihaka za miaka ya mwanzo zinabaki pale zilipo, na hazifutiki kwa huruma. Waandishi weusi wa Marekani wenyewe hawakumtupa: Ishmael Reed alipochapisha riwaya yake Mumbo Jumbo mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya cheti kujulikana, alimtaja Herriman katika tabaruku, na kumtaja kuwa Mwafrika wa Marekani. Mwaka 2016 mwandishi wa New Orleans, Michael Tisserand, alitoa wasifu wake mkubwa, na humo mtaa wa Tremé umerudishiwa mtoto wake.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke. Baada ya Mabel, binti yake mdogo alifariki mwaka 1939. Herriman alibaki na paka na mbwa wengi, na mikono iliyoumwa, akiendelea kuchora. Alifariki usingizini tarehe 25 Aprili 1944. Katika cheti cha kifo karani aliandika kwamba marehemu ni mweupe na kwamba wazazi wake walizaliwa Ufaransa. Kwa hiyo serikali ya Marekani ina hati mbili halali za mtu mmoja, moja ya kuingia na moja ya kutoka, nazo hazikubaliani. Majivu yake yalirushwa kutoka angani juu ya Monument Valley.

Hearst hakumtafuta mchoraji mwingine wa kuiendeleza katuni ile, jambo ambalo lilikuwa nadra katika biashara hiyo. Kurasa zilizokuwa zimekwisha kupelekwa ziliendelea kutoka hadi tarehe 25 Juni 1944. Katika ukurasa wa mwisho Afande anamtoa Krazy majini akimbeba mikononi. Juu ya meza ya kuchorea, nyumbani, zilikutwa katuni za juma moja, zimechorwa kwa penseli, hazijatiwa wino.